Namna ya Kumweleza Mtu Gharama Halisi ya Mkopo

Ukitaka mtu aelewe mkopo, weka asilimia kando kwanza na uanze na shilingi atakazozishika mkononi. Katika vikao vya kikoba nimeona mara nyingi kwamba "asilimia 20" hupita masikioni bila kumgusa mtu, ilhali fedha zikihesabiwa mezani kila mmoja huelewa papo hapo.

Chukua mkopo wa aina ambayo mitaani Tanzania huitwa kausha damu: shilingi 500,000 zinazorejeshwa kwa shilingi 20,000 kila siku kwa siku 30. Mwaga maharage mezani, kila punje ikisimama badala ya shilingi 25,000, kisha mhesabie mkopaji punje 20. Kabla hajazigusa, ondoa moja ya ada ya fomu, kwa sababu ada hiyo hukatwa palepale na wengi huisahau. Amebaki na 19. Sasa mwambie arejeshe: atahesabu hadi 24, na zile tano zilizopungua itambidi azitoe kwenye faida ya biashara yake.

Lipo jambo lililojificha zaidi, nalo ndilo ninalosisitiza kuliko yote. Mkopeshaji husema riba ni asilimia 20 kwa mwezi. Lakini kwa kuwa marejesho ni ya kila siku, kufikia siku ya 15 nusu ya deni imekwisha kurudi, na kwa wastani wa mwezi mzima mkopaji amekaa na takriban nusu tu ya fedha alizopokea. Shilingi 125,000 alizotozwa, riba pamoja na ada, ni zaidi ya nusu ya kiasi hicho.

Ndipo umtajie sheria. Kwa wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasiotunza akiba za wateja, wanaosimamiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Benki Kuu ya Tanzania iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mkopo huu haizidi shilingi 17,500: haifiki hata punje moja.

Kabla ya kutia saini, aombe kuiona leseni, kisha aandikiwe kiasi atakachopokea mkononi, jumla ya marejesho, na faini ya kuchelewa siku moja. Mkataba ukiwa wa Kiingereza, asomewe wote kwa Kiswahili na mtu anayemwamini, na nakala yake aondoke nayo siku hiyohiyo.