Kuchagua tarantula kwa kufuata tangi ulilo nalo

Wengi wanaotaka kufuga tarantula, yaani buibui wakubwa wenye manyoya, hununua buibui kwanza, ndipo waanze kutafuta pa kumweka. Hapo ndipo unapomkuta buibui wa mitini amefungiwa kwenye boksi la chini-chini, au mchimba mashimo amepewa sentimita nne za udongo na anazunguka kioo usiku kucha. Anza na tangi. Pima kwa ndani urefu, upana na kimo, halafu tafuta ni buibui gani anaenea humo.

Buibui hupimwa kwa upana wa miguu: kwa mshazari, kuanzia ncha ya mguu wa mbele wa upande mmoja hadi ncha ya mguu wa nyuma wa upande wa pili. Piga hesabu kwa ukubwa wa aliyekomaa, hata kama unayemnunua leo anaenea kwenye kizibo cha chupa.

Tangi pana lenye kimo kifupi

Hili ni la tarantula wa ardhini, na ndilo tunalompendekezea kila anayeanza. Urefu wake uwe angalau mara 3 ya upana wa miguu, upana mara 2. Muhimu kuliko vyote ni nafasi kati ya udongo na kifuniko: isizidi mara 1.5. Buibui hawa ni wazito lakini hupanda kioo, na ngozi ya tumbo lao ni nyembamba. Akidondoka kutoka juu tumbo huweza kupasuka, naye akafa kwa kuvuja maji ya mwili. Ajali hii huua tarantula wengi wa ardhini, na kuizuia ni rahisi mno.

Chukua tangi la samaki la sentimita 60 kwa 30, kimo 30. Likiwa tupu ni hatari. Jaza udongo hadi sentimita 15, na zitabaki 15 za hewa, zinazomtosha buibui wa sentimita 14. Hesabu ni 60 × 30 × 15, yaani lita 27. Udongo huo ni kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi ulioshindiliwa: tofali lake la gramu 650 likilowekwa hutoa takriban lita 8, kwa hiyo nunua manne. Likamue, lianike mpaka likishikwa lisidondoshe maji, kisha lishindilie. Usichote udongo wa shamba lililowahi kupigwa dawa ya wadudu.

Wanaofaa humo ni Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, Brachypelma hamorii wa pwani ya Pasifiki ya Meksiko, na Grammostola pulchra wa Brazili. Kwa mtu wa kwanza kufuga tunamweka albopilosus mbele: hula vizuri, si mwepesi wa hasira, na humvumilia mfugaji anayekosea kiasi cha unyevu. Wote watatu hupangusa vinyweleo vya tumboni wakitishwa, navyo huwasha kama upupu, hivyo usiinamishe uso juu ya tangi lililo wazi.

Kifuniko cha wavu wa chuma kiondoe. Kucha hunasa kwenye matundu, na buibui akivuta hung'oka mguu. Weka plastiki ngumu yenye matundu. Maficho hayahitaji fedha: kifuu cha nazi kilichokatwa nusu na kuzikwa kiasi kinatosha, pamoja na kisahani cha maji.

Tangi lililosimama

Sentimita 20 kwa 20, kimo 30, ni nyumba ya buibui wa mitini. Udongo wa sentimita 5 unatosha. Kitu kikubwa ni gome la mti lililosimamishwa wima, likiacha upenyo nyuma yake. Avicularia avicularia wa Amerika ya Kusini ndiye wa kuanza naye. Caribena versicolor wa kisiwa cha Martinique hulelewa vivyo hivyo, ila ni mwepesi zaidi wa mbio.

Hawa huuawa na hewa iliyokwama. Mtu husoma kwamba wanatoka msitu wa mvua, basi hunyunyiza maji kila siku na kuziba tangi. Ukungu hushika, na buibui hufa ndani ya wiki chache. Toboa matundu ya milimita 3 kwenye pande mbili zinazotazamana, moja karibu na chini na nyingine karibu na juu, ili hewa ipite. Kwa plastiki nyembamba, tumia msumari uliochomwa moto, maana kekee huweza kuipasua. Mtoto wa buibui anahitaji matundu madogo zaidi, kwani popote gamba gumu la kichwani linapopenya, mwili wote hupita.

Angalia pia mlango. Buibui wa mitini hufuma utando wake pembeni juu, mara nyingi kwenye kifuniko chenyewe, nawe ukifungua kutoka juu unabomoa nyumba yake na yeye anaruka nje. Chagua tangi linalofunguka ubavuni. Kama una chupa pana ya mfuniko, igeuze juu chini: mfuniko uwe sakafu, udongo ukae ndani yake.

Tangi lenye kina

Ukiwa na tangi la kimo cha sentimita 40 au zaidi, usiogope kimo hicho, kijaze udongo. Hapo anafaa Pelinobius muticus, tarantula mkubwa wa rangi ya kutu anayepatikana Kenya na Tanzania. Mpe angalau sentimita 30 za udongo, uliochanganywa na robo hivi ya udongo wa mfinyanzi ili shimo lisiporomoke. Maji yamwage kwenye kona moja yashuke chini, juu pabaki pakavu. Mawe usiyaweke juu ya udongo, maana akichimba chini yake yatamwangukia. Na ujue mapema kwamba mchana hutamwona.

Jirani yake, Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya chungwa ambaye wafugaji wa nje humwita kwa jina la Usambara, hukaa popote: sentimita 30 kila upande, udongo wa 12, gome limeegemezwa. Nyumba yake ni rahisi, ila yeye mwenyewe si wa anayeanza. Hana vinyweleo vya kuwasha. Kinga yake ni mbio na kuuma, na akiuma maumivu ni makali, misuli hukakamaa, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Kumkamata porini pia si jambo la kujiamulia. Uliza kwanza mamlaka ya wanyamapori. Jamii nzima ya Brachypelma nayo inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini, kwa hiyo dai hati.

Umri na jinsia

Mtoto wa sentimita 2 usimtie kwenye tangi kubwa. Hataona chakula, nawe hutaona kama amekula, na mabaki yatashika ukungu na utitiri. Mpe kikopo cha mililita 200. Brachypelma huchukua miaka mingi kukomaa, basi kama tangi lako ni kubwa na huna subira, tafuta aliyefika sentimita 8 hivi na upunguze nafasi kwa kuongeza udongo na magome. Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Dume akishakomaa, mara nyingi haishi miaka miwili zaidi. Dume aliyekomaa utamtambua kwa ncha za mikono midogo ya mbele zilizovimba.

Tangi usiliweke juani wala usilipashe moto kwa chini, kwani tarantula hukimbia joto kwa kuchimba na ataingia kwenye joto lilelile. Nyuzi 22 hadi 28 zinatosha, na Mombasa au Dar es Salaam huhitaji kuongeza joto. Dawa ya mbu ya kupuliza na ya kuchoma isitumike chumba hicho kabisa. Huua buibui kama inavyoua mbu.

Andaa tangi wiki mbili kabla ya buibui kufika, uone kama ukungu unaota. Akifika, kutangatanga siku chache za mwanzo ni kawaida. Akiendelea kuning'inia kwenye kioo baada ya wiki mbili, gusa udongo: mara nyingi umelowa mno. Akigoma kula na kuziba mlango wa shimo, anajiandaa kujivua ngozi. Toa nyenje yeyote uliyempa kama chakula aliyebaki ndani, kwa sababu nyenje humtafuna buibui ambaye ngozi yake mpya bado laini, na usimlishe tena hadi siku saba au kumi baada ya kujivua.