Jinsi ya Kutenda Wema wa Kila Siku Ukawavuta na Wengine

Wema wa kila siku ni ule usiohitaji mali wala cheo: kumpisha mtu aliyechoka, kumwelekeza mgeni njia mpaka aelewe, kumjulia hali jirani ambaye hajaonekana kwa siku mbili. Karibu kila mtu anauweza, na karibu kila mtu angependa kuuona ukiongezeka mahali anapoishi na anapofanya kazi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuutenda kwa njia ambayo, pamoja na kumfaa anayetendewa, itamfanya na aliyekuwa akitazama ajiambie kwamba jambo lile hata yeye analiweza. Naamini hapo ndipo penye siri ya kuenea kwake, kwa sababu tendo kubwa mno huwaacha watu wakistaajabu tu, ilhali tendo dogo lililofanywa vizuri huwapa mfano wa kufuata.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1967 watafiti James Bryan na Mary Ann Test walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya nchini Marekani. Katika mojawapo, mwanamke alisimama kando ya barabara mjini Los Angeles karibu na gari lililopata pancha. Kuna wakati madereva waliomkuta walikuwa wametoka kupita, mita 400 hivi kabla ya kumfikia, gari jingine ambalo mwanamume alikuwa akimsaidia mwenye gari kubadilisha tairi. Na kuna wakati hawakuwa wameona chochote cha namna hiyo. Kwa kila hali yalihesabiwa magari 2,000. Madereva walioona mfano walisimama 58, na wasiouona walisimama 35. Idadi zote mbili ni ndogo ukizilinganisha na magari yaliyopita, lakini tofauti iliyopo inaonyesha kwamba mtu aliyekwisha kumwona mwenzake akisaidia huwa mwepesi zaidi wa kusimama inapofika zamu yake.

Jitengenezee nafasi

Kabla ya kufikiria utamtendea nani wema, fikiria siku yako ilivyopangwa. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa chuo cha theolojia huko Princeton, ambao kila mmoja alitakiwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi. Njiani alikuwepo mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kuguna kama mgonjwa. Miongoni mwa wanafunzi ambao hawakuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia kwa namna fulani. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wamekwisha kuchelewa, ni asilimia 10 tu. Baadhi yao walikuwa wakienda kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema, na hata hilo halikuleta tofauti ya maana.

Nimeutaja utafiti huu kwa urefu kwa sababu unatuondolea kisingizio cha kugawa watu kuwa wema na wabaya. Mara nyingi anayempita mwenye shida ni mtu wa kawaida aliyechelewa, ambaye macho yake yako kule anakokwenda. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutoka nyumbani mapema kidogo kuliko unavyolazimika, na kuacha pengo kati ya shughuli moja na nyingine. Ukishindwa kufanya hivyo kila siku, chagua sehemu moja tu ya siku, pengine safari ya kurudi nyumbani, uipite bila haraka na bila kuangalia simu. Utashangaa ni mambo mangapi yalikuwa mbele yako muda wote.

Taja jambo mahususi

Kosa linaloharibu nia njema nyingi ni ile kauli ya "ukihitaji chochote, niambie." Msemaji huitoa kwa moyo safi, lakini humwachia mwenye shida kazi tatu: kutafuta anachohitaji, kukadiria kama ombi lake ni kubwa mno, na kuishinda haya ya kuomba. Wengi huitikia "ahsante" na mambo yakaishia hapo. Badala yake, toa jambo moja lililo dhahiri na lenye wakati wake, ambalo mtu anaweza kulijibu kwa ndiyo au hapana: "Kesho asubuhi napita karibu na hospitali, nikuchukulie dawa zako?" au "Jumamosi nipo nyumbani, waache watoto kwangu kwa muda wa saa mbili au tatu upate kulala."

Kujua jambo lenyewe kunataka kumtazama mtu, na hapa mazingira hutofautiana sana. Mfiwa huzungukwa na watu siku za mwanzo, kisha wote hurudi kwenye shughuli zao, naye hubaki na nyumba iliyo kimya pamoja na karatasi za kujaza ofisi hadi ofisi. Ukitaka kumfaa, andika kwenye kalenda yako tarehe ya mwezi mmoja na nyingine ya miezi mitatu baada ya msiba, na siku hizo mpigie au mtembelee. Ukimtaja marehemu kwa jina, usiogope kwamba utamkumbusha, maana hajamsahau. Mfanyakazi mpya naye ana shida ndogondogo ambazo wenyeji hawazioni tena: nani anaidhinisha nini, watu hula chakula cha mchana wapi, ni kitu gani kinamkera mkubwa wa idara. Kaa naye siku ya kwanza umweleze, na siku ya pili mwite mjumuike na wengine. Mzee anayehangaika na simu yake anahitaji uvumilivu wako kuliko ujuzi wako. Mwache aishike mwenyewe na abonyeze mwenyewe, hata kama wewe ungelimaliza jambo hilo kwa sekunde tano, kwa kuwa ukimnyang'anya utakuwa umetatua tatizo la leo na kumwachia la kesho.

Msitiri unayemsaidia

Msaada unaomwaibisha mtu humfundisha anayetazama kuogopa kusaidiwa. Kwa sababu hiyo kusitiri ni sehemu ya wema wenyewe. Nguo, fedha, chakula na habari za ugonjwa au deni vishughulikiwe faraghani, na baada ya hapo visitajwe tena, hata siku mtakapokosana. Masimango huufuta wema wote uliotangulia, na aliyeyasikia, hata kama si yeye aliyesimangwa, atafikiri mara mbili kabla ya kukubali mkono wa mtu mwingine. Nina msimamo mkali kuhusu kamera: usimpige picha mtu unayempa msaada. Hata akikubali, amekubali akiwa katika hali ambayo kukataa ni kugumu.

Hapo msomaji anaweza kuuliza wema utawavutaje wengine ikiwa unafichwa. Jibu ni kutofautisha kati ya tendo na shida ya mtu. Yapo matendo yasiyogusa heshima ya yeyote, na hayo yafanywe wazi bila kuona haya: kuokota taka zilizoanguka njiani, kumsalimia mfagizi kwa jina, kumtetea kwa upole mtu anayekatishwa maneno mkutanoni, kurudisha chenji iliyozidi. Yale yanayogusa shida ya mtu yabaki kati yenu wawili. Ukitamani kusimulia habari za wema, na inafaa kuzisimulia, simulia wema uliotendewa wewe. Mwenye kusimulia alivyosaidiwa haaibishi mtu, hajisifu, na anampa msikilizaji mfano kamili: fulani aliona nini, akasema nini, akafanya nini.

Shukrani zina nafasi yake hapohapo. Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha mwaka 2018 kwamba watu walioandika barua za shukrani walikadiria kwa upungufu furaha ya mpokeaji, na wakazidisha hofu kwamba atajisikia vibaya kuzipokea. Basi mwandikie aliyewahi kukufaa, hata kama ni zamani, na utaje jambo lenyewe na kile kilichotokea baadaye kwa sababu yake. Mtu akijua kwamba dakika zake kumi zilikuvusha mahali pagumu, ana sababu nzuri ya kuzitoa tena kwa mwingine.

Kuwa wa kwanza mbele ya watu

Pahali penye watu wengi wema huwa mgumu zaidi, kinyume na tunavyotarajia. Katika jaribio ambalo Bibb Latané na John Darley walilichapisha mwaka 1968, watu waliokuwa wakijaza fomu waliona moshi ukiingia chumbani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walikwenda kutoa taarifa. Walioketi na wenzao wawili ambao, kwa makubaliano na watafiti, walijifanya hawajali, waliofanya hivyo ni asilimia 10 tu. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akauona utulivu wake, akadhani hakuna hatari.

Dawa yake ni mtu mmoja kuvunja ule utulivu, na mtu huyo uwe wewe. Sema kwa sauti unachokiona: "Huyu mama anaumwa." Kisha usiwaombe watu wote kwa pamoja, bali mtazame mmoja umpe kazi: "Kaka, wewe mwenye shati la bluu, piga simu uombe gari la wagonjwa; dada, nisaidie kumkalisha kivulini." Watu ambao sekunde chache kabla walikuwa wamesimama tu watakuja, kwa kuwa wengi walikuwa tayari na walichongojea ni mtu wa kuanza. Njia hiyohiyo hufaa kwa mambo madogo, kama kumbebea mtu mzigo ngazini au kumwachia nafasi kwenye foleni mwenye mtoto anayelia.

Kinachowazuia wengi wasiwe wa kwanza ni wasiwasi wa kuonekana wanajiingiza. Wasiwasi huo aghalabu huzidi ukweli. Kumar na Epley, katika utafiti mwingine wa mwaka 2022, waliwapa watu kinywaji cha moto cha chokoleti kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu mjini Chicago wamgawie mtu wasiyemjua, na watoaji walidhani jambo hilo ni dogo kuliko lilivyokuwa kwa wapokeaji. Uliza kwa ufupi, "Nikusaidie?", na ukijibiwa hapana, tabasamu uendelee na safari yako bila kusisitiza.

Usihesabu, na ujue mpaka wako

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Ushauri huo una maana hata kwa anayetaka wema uenee, kwa sababu mara nyingi haurudi kwa mtendaji bali husonga mbele kwa mtu wa tatu asiyemjua. Anayekaa akingoja malipo hukata tamaa mapema, na kukata tamaa kwake huonekana. Hata hivyo kutohesabu hakumaanishi kujimaliza. Ukijikuta unasaidia kwa kinyongo, punguza, na useme hapana kwa maneno mafupi yasiyo na visingizio. Pia usimfanyie mtu linalomzidishia madhara, mfano kumpa fedha za kurudi kwenye kamari, hata kama kukataa kutakuchafulia jina kwa muda.

Pokea, kisha alika

Mtu anayesaidia kila mtu lakini hakubali kusaidiwa huwanyima wenzake nafasi ya kuwa wema. Francis Flynn na Vanessa Lake walieleza mwaka 2008 kwamba watu wanaoomba msaada hukadiria kwa upungufu uwezekano wa kukubaliwa. Kwa hiyo omba unapohitaji, pokea kwa "ahsante" bila kukimbilia kulipa, na waache watoto waone watu wazima wakipeana mikono pande zote mbili, maana wao huiga wanachokiona kuliko wanachoambiwa.

Njia yenye nguvu kuliko zote ya kuwavuta wengine ni kwenda nao. Ikiwa una desturi ya kumtembelea mgonjwa au kumfundisha mtoto wa jirani hesabu, mwombe mtu mmoja akusindikize, baada ya kupata ruhusa ya mwenyeji. Mara ya kwanza atazame, mara ya pili mpe sehemu ndogo ya kufanya, na mara ya tatu aende mwenyewe ukiwa umekwisha kumweleza mambo ya lazima: saa zinazomfaa mwenyeji, anachopenda kuzungumza, na yasiyopaswa kutajwa mbele yake. Siku mkipishana mawazo kuhusu namna ya kufanya, mwache afuate njia yake, mradi tu mwenyeji ameridhika nayo.