Somo: Kuiweka sawa sensa ya kiatuni ili isome umbali wa kweli

Wakuu, swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika mara moja. Natumia saa ya Garmin na sensa ya kubana kwenye kamba za kiatu, yaani kifaa kidogo kinachohisi mwendo wa mguu na kuipa saa umbali bila GPS.

1. Ibane isicheze hata kidogo.

2. Iunganishe kwenye menyu ya sensa, ukitembea ili iamke.

3. ZIMA GPS. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilizunguka uwanja mara 10 GPS ikiwaka, saa ikaandika kilomita 3.90 za setilaiti, nami nikazifanya ndiyo kipimo cha sensa. Wiki mbili nzima saa ikasoma pungufu kwenye tredimili (mashine ya kukimbilia ndani), nikajilazimisha kukimbia zaidi hadi goti likauma. Chagua zoezi la ndani hata kama uko uwanjani. Na kama saa yako hujirekebisha yenyewe, kizime kipengele hicho, la sivyo itafuta namba yako ya kurekebisha (ya hatua ya 5).

4. Kimbia mizunguko 10 kwenye njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, kwa kasi yako ya kila siku. Hizo ni mita 4,000. Njia ya pili mzunguko ni mita 407, ya tatu karibu 415, kwa hiyo usihame.

5. Umbali halisi gawanya kwa uliosomwa, zidisha kwa namba ya kurekebisha iliyomo kwenye saa (mwanzo ni 100). Ikisoma 3.91: 4.00 ÷ 3.91 × 100 = 102.3. Ukirudia siku nyingine, zidisha kwa 102.3, si 100.

Maswali

— Mkuu nimefuata zote, bado inasoma vilevile.
— GPS ulizima?
— Hapana.
— Hatua ya 3.

— Nikibadilisha viatu je?
— Swali zuri sana. Sensa inahisi jinsi mguu unavyorushwa, na kwenye kiatu kingine hukaa kwa pembe nyingine. Mimi kila kiatu nimekiandikia namba yake daftarini. Hata kasi inahusika: ukipima kwa mbio za polepole, siku ya mbio kali itakosea kidogo.

— Huku kwetu hakuna uwanja. Nipime kwa pikipiki?
— Mita ya pikipiki haitoshi. Azima tepu ndefu ya mafundi ujenzi, pima mita 500 kwenye barabara iliyonyooka, nenda na urudi mara nne.

— Naongezea: yangu ilikuwa inakatika katikati ya mbio, kumbe betri. Ni CR2032, zipo hata maduka ya saa.
— Asante. Ukishabadilisha, funga kifuniko vizuri, jasho lisiingie.