Somo: Kutoka riba ya tangazo hadi faida inayobaki mkononi

Anayeanza kuwekeza hukariri maana ya neno moja moja, kisha akipewa karatasi ya masharti anakwama. Ni rahisi zaidi kuyajua maneno haya kwa kuifuata pesa yenyewe inakopita. Shika kalamu na kikokotoo. Mifano yote ni ya 100,000, kwa sarafu yoyote unayotumia, na viwango vya kodi na ada ni vya kufanyia hesabu tu.

Hatua ya 1: Jua faida inatoka wapi

Mtaji ni pesa uliyoweka. Ukikopesha, unalipwa riba. Ukinunua hisa, wewe ni mmoja wa wenye kampuni, na kampuni ikiamua kugawa faida unapata gawio. Ukiuza kwa bei ya juu kuliko uliyonunulia, hilo ni ongezeko la mtaji.

Riba ni deni. Mkopaji anabanwa na mkataba. Gawio la hisa za kawaida halidaiwi mpaka litangazwe, kwa hiyo mtu anayekuahidi "gawio la uhakika" kila mwezi, muulize pesa hiyo inatoka kwenye biashara gani. Akikosa jibu, ondoka.

Hatua ya 2: Uliza riba inahesabiwaje

Asilimia 12 kwa mwaka, miaka 5, inaweza kuwa vitu vitatu:

- Riba ya kawaida, juu ya mtaji pekee: unaishia na 160,000.
- Riba juu ya riba, ikiongezwa mara moja kwa mwaka: 176,234.
- Riba juu ya riba, ikiongezwa kila mwezi: 181,670.

Kiwango ni kile kile, tofauti ni zaidi ya 21,000. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu tangazo huandika kiwango kwa herufi kubwa na namna ya kuhesabu hubaki kwenye maandishi madogo. Kujua haraka pesa itachukua muda gani kuongezeka maradufu, gawanya 72 kwa kiwango: 72 kwa 12 ni miaka 6 hivi. Njia hiyo inafaa pale tu riba inapoachwa izae riba. Ukiitoa kila mwaka ukaitumia, hesabu hiyo haikuhusu.

Hatua ya 3: Toa makato, kisha mfumuko wa bei

Tuseme umepata riba ya 12,000 kwa mwaka. Kodi ya asilimia 10 ya riba inachukua 1,200. Ada ya usimamizi ya asilimia 1 ya mtaji inachukua 1,000. Zimebaki 9,800, yaani asilimia 9.8.

Sasa bei za vitu zimepanda asilimia 6 mwaka huo huo. Gawanya 1.098 kwa 1.06 upate 1.036. Faida halisi ni kama asilimia 3.6. Angalia ada inavyokatwa: imehesabiwa kwa mtaji, si kwa faida. Mwaka ambao hukupata kitu, bado inakatwa.

Hatua ya 4: Soma hatifungani kwa namba tatu

Hatifungani ni hati ya deni: unaikopesha serikali au kampuni pesa yako. Thamani iliyoandikwa ni 100,000, ndiyo utakayorudishiwa ikiiva, yaani muda wake ukiisha. Kuponi, ndiyo riba yake, ni asilimia 10 ya thamani hiyo, yaani 10,000 kila mwaka. Namba ya tatu ni bei uliyolipa sokoni. Ukiinunua kwa 92,000, kuponi peke yake inakupa asilimia 10.9 ya pesa yako, na siku ya kuiva unaongezewa 8,000. Ukiinunua kwa 108,000, kuponi inakupa asilimia 9.3 tu, na mwishoni utarudishiwa pungufu kwa 8,000.

Hatua ya 5: Pima ukwasi

Ukwasi ni wepesi wa kugeuza mali kuwa pesa taslimu bila kuiuza kwa hasara. Uliza: nikitaka pesa yangu kesho, nitakatwa kiasi gani?

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini riba sokoni zikipanda, bei ya hatifungani yangu inashuka?
Kwa sababu hatifungani mpya sasa zinalipa, tuseme, asilimia 13, na yako imefungwa kwenye 10. Mnunuzi hawezi kukulipa 100,000 kamili. Ukiishikilia mpaka iive, na mkopaji akalipa, mshuko huo haukugusi.

Swali: Hisa inatoa gawio la asilimia 10 ya bei yake. Si bora kuliko ile ya 5?
Tazama kwanza bei. Hisa ya 1,000 yenye gawio la 50 ni asilimia 5. Bei ikianguka hadi 500, gawio lile la mwaka jana linasomeka asilimia 10, na huenda mwaka huu lisitolewe kabisa.

Swali: Mfuko wa uwekezaji nilioweka pesa ulipanda asilimia 50, mwaka uliofuata ukashuka 50. Nimerudi nilipoanza?
Hapana, ndugu. 100,000 ilifika 150,000, ikashuka hadi 75,000. Sasa inahitaji kupanda asilimia 33.3 ili urudi ulipoanza. Wastani wa viwango hivyo ni sifuri, na bado umepoteza robo ya mtaji.

Swali: Mkopo wa asilimia 12 unaolipwa kwa miezi 12, riba ni 12,000 sawa?
Inategemea. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, ndiyo, ni 12,000, na marejesho ni 9,333 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, marejesho ni 8,885 na riba yote ni kama 6,619. Mkopo wa kwanza, ukiupima kwa njia ya pili, ni wa zaidi ya asilimia 21 kwa mwaka. Kabla ya kusaini, omba jedwali la marejesho ya kila mwezi uangalie safu ya riba: ikibaki ile ile mwezi wa kwanza hadi wa 12, unatozwa riba hata kwa pesa uliyokwisha kurudisha.