Namna ya Kumpa Rafiki Mswada na Kuyatumia Maoni Yake

Rafiki anayekupenda ana kila sababu ya kukusifia, kwa hiyo kumkabidhi mswada bila maelekezo ni sawa na kumwomba akwambie kuwa umeandika vizuri. Usimwulize kama ameupenda. Mwombe atie alama kila mahali alipolazimika kurudia sentensi ili aielewe, alipochoka, alipoanza kuruka mistari na alipoacha kumsadiki mhusika. Maombi ya namna hii yanamwondolea mzigo wa kuhukumu na kumwachia kazi ya kushuhudia tu, ambayo hata asiye mwandishi anaiweza, mradi awe msomaji wa kweli asiyeona haya kusema kwamba amechoka.

Mswada wenyewe usiutoe ukingali moto. Uweke kando majuma kadhaa, kisha uusome kwa sauti na kusahihisha yale unayoweza kuyaona mwenyewe, kwa maana si haki kumchosha mwenzako kwa makosa ambayo macho yako yangeyakamata. Horace, mshairi wa Roma ya kale, alishauri maandishi yafungiwe hadi mwaka wa tisa tangu yaandikwe. Kipimo kikali mno kwa wengi wetu, ingawa sababu aliyoitoa haijachakaa: kisichotolewa bado kinafutika, ila neno likishatoka halirudi. Mshairi huyohuyo anasimulia habari za rafiki yake Quintilius, aliyefariki mnamo mwaka 24 au 23 KK, ambaye ukimsomea kazi yako alikuonyesha pa kusahihisha. Ukijibu kwamba umejaribu mara mbili tatu ukashindwa, alikuamuru uifute mistari hiyo na kuirudisha fuaweni, kama chuma cha mhunzi kinachofuliwa upya. Ukiitetea, hakupoteza neno jingine.

Hapo kwenye kutetea ndipo wengi tunapoharibikiwa. Rafiki anapozungumza, andika asemayo kama alivyoyasema, uliza tu pale ambapo hukumwelewa, na usimfafanulie ulichokusudia, kwa sababu msomaji atakayekuja baadaye hatakuwa nawe pembeni wa kumfafanulia. Mshukuru, kisha usiguse mswada siku hiyo. Maoni yanayouma sana mara nyingi hubadilika sura baada ya usingizi.

Unaporudi kazini, tenganisha mahali alipokwaa na dawa aliyoipendekeza. Mahali, mwamini karibu kila mara. Dawa, itafute mwenyewe. Chukua sentensi hii: "Mzee yule alikuwa ni mtu ambaye alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake tangu mwanawe alipoondoka." Rafiki ameandika pambizoni: "Siioni huzuni. Ongeza maelezo." Ukimtii neno kwa neno, utaongeza machozi na kuugua, na sentensi itazidi kulemaa. Alichokigundua ni kwamba umemtajia huzuni bila kumpa cha kutazama, nayo dawa yake ni kuyapunguza maelezo na kumwonyesha tendo: "Mzee aliipokea barua ya mwanawe, akaiweka chini ya mto pamoja na zile nyingine, zote hazijafunguliwa." Huzuni haikutajwa, lakini sasa msomaji anayo mikononi. Mabadiliko madogo kama haya yanaweza kukumalizia asubuhi nzima, na sioni njia ya mkato.

Yapo maoni ya kuyaacha. Rafiki anapotaka hadithi igeuke kuwa ile ambayo yeye angeiandika, msikilize kwa adabu na uendelee na yako. Hata hivyo, wasomaji wawili wasioshauriana wakikwama katika aya ileile, ibomoe, hata kama ndiyo aya unayoipenda kuliko zote.

Ukishasahihisha, usimrudishie mswada mara moja. Anakumbuka toleo la kwanza, na akili yake itaziba mapengo ambayo msomaji mgeni angeyaona. Mpe mtu ambaye hajausoma, umwombe alama zilezile, na yule wa kwanza umwachie toleo la mwisho.