Jinsi ya Kusoma Majibu ya Kipimo cha Kromosomu cha Mtoto

Majibu ya kipimo cha kromosomu, yaani nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba vinasaba, hubeba mstari mmoja mfupi wa tarakimu, herufi na alama, kwa mfano 47,XY,+21, na mzazi aliyeyasubiri kwa wiki kadhaa hujikuta ameshika karatasi asiyoielewa huku wagonjwa wengine wakipanga foleni mlangoni kwa daktari. Mstari huo si mgumu kama unavyoonekana. Mwongozo huu unamhusu hasa mtoto anayedhaniwa kuwa na sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoletwa na kromosomu namba 21 ya ziada, ingawa kanuni za kusoma ni zilezile kwa hitilafu nyingine za kromosomu.

Kwanza hakikisha ni kipimo gani kilichoagizwa, kwa sababu watu wengi wakisikia neno vinasaba hufikiria kipimo cha DNA cha kumtambua baba wa mtoto, na hicho ni kitu kingine kabisa. Kipimo cha kromosomu hutazama kromosomu nzima kwa darubini: idadi yake, umbo lake, na kama kuna kipande kikubwa kilichopungua, kuongezeka au kuhama. Hakiwezi kuonyesha ugonjwa wa seli mundu, kwa mfano, kwa kuwa chanzo chake ni badiliko dogo mno ndani ya jeni moja iliyo kwenye kromosomu namba 11. Kwa hiyo majibu yanayosema kromosomu ni za kawaida hayamaanishi kwamba mtoto hana ugonjwa wowote wa kurithi.

Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye chupa yenye heparini (dawa inayozuia damu isigande), ambayo kwa kawaida huwa na kifuniko cha kijani, wala si ile ya kifuniko cha zambarau inayotumika kupima wingi wa damu. Sababu ni kwamba chembe nyeupe za damu zinapaswa kufika maabara zikiwa hai, zikuzwe kwa takriban siku tatu hadi zianze kugawanyika, ndipo zisimamishwe katika hatua ambayo kromosomu huonekana vizuri na kupakwa rangi. Damu iliyogandishwa kwa baridi au iliyokaa njiani muda mrefu mno haitakua. Uliza mapema sampuli itasafirishwa siku gani, hasa ikiwa inatolewa Ijumaa na maabara iko mji mwingine au nchi nyingine, na mweleze daktari kama mtoto ameongezewa damu hivi karibuni.

Majibu yakishatoka, soma kuanzia kushoto. Tarakimu ya kwanza ni jumla ya kromosomu katika seli moja, na kwa kawaida ni 46, yaani jozi 23. (Hadi mwaka 1956, watafiti Tjio na Levan walipochapisha hesabu yao nchini Sweden, wanasayansi wenyewe waliamini kwamba ni 48, hivyo usione aibu kuuliza.) Herufi zinazofuata ni kromosomu za jinsia: XX kwa msichana, XY kwa mvulana. Baada ya hapo huandikwa hitilafu, kama ipo. Kwa hiyo 47,XY,+21 ni mvulana mwenye kromosomu 47 kwa sababu namba 21 ziko tatu badala ya mbili, na hii ndiyo sindromu ya Down ya aina ya kawaida, inayowapata takriban watoto 95 kati ya kila 100 wenye hali hiyo. Vivyo hivyo, +18 ni sindromu ya Edwards na +13 ni sindromu ya Patau, ilhali 45,X ni msichana mwenye sindromu ya Turner.

Mahali pa kuwa mwangalifu zaidi ni pale mstari unapoanza na 46 kisha ukaendelea, kwa mfano 46,XX,der(14;21)(q10;q10),+21, ambapo der(14;21) ni kromosomu iliyotokana na muungano wa namba 14 na 21, na q10 huonyesha mahali zilipoungana. Mzazi huona 46 na kushusha pumzi, kumbe mtoto anayo sindromu ya Down: kromosomu 21 ya ziada imeungana na namba 14, hivyo zinahesabiwa kuwa moja. Aina hii huwapata watoto 3 au 4 hivi kati ya 100, na ndiyo inayodai kwamba wazazi wote wawili wapimwe. Mama au baba anaweza kuwa na 45,XX,der(14;21)(q10;q10) au 45,XY,der(14;21)(q10;q10) na akawa mzima kabisa, kwa kuwa hajapungukiwa na kitu cha maana; lakini mama mwenye muungano huo ana uwezekano wa takriban 10 hadi 15 kati ya 100 wa kupata mtoto mwingine mwenye hali hiyo, na kwa baba uwezekano ni mdogo zaidi. Katika aina ya kawaida, uwezekano wa kujirudia ni karibu 1 kati ya 100, na huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga. Hakuna chakula, kazi wala kosa la mzazi lililoileta hitilafu hiyo, na ndugu watakaotafuta wa kumlaumu waelezwe hivyo waziwazi.

Ukiona neno mos na mabano ya mraba, kama mos 47,XY,+21[14]/46,XY[6], maana yake ni kwamba mtoto ana mchanganyiko wa seli za aina mbili: seli 14 kati ya 20 zilizohesabiwa zina kromosomu ya ziada na 6 hazina. Usizigeuze tarakimu hizo kuwa kipimo cha akili ya mtoto: zinaeleza damu tu, na mgawanyo katika ubongo au moyo unaweza kuwa tofauti.

Wakati majibu yanasubiriwa, matibabu yasisimame. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na nyingine hazitoi mlio wowote unaosikika kwa kifaa cha daktari, kwa hiyo kipimo cha mawimbi ya sauti cha moyo kifanywe mapema, pamoja na kipimo cha homoni za tezi ya shingo na cha usikivu. Hata aina ya hitilafu ikishajulikana, huduma hizi hazibadiliki.

Omba nakala ya majibu yenyewe, si maelezo ya mdomo peke yake, na uende nayo kliniki katika ujauzito unaofuata. Huko unaweza kupewa kipimo cha damu ya mama kinachochunguza kromosomu za mtoto aliye tumboni, kuanzia wiki ya 10. Hicho huonyesha uwezekano tu, na kikileta shaka huthibitishwa kwa kupima maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15.