Soma udongo kwanza, njo uingize mashini ya tuneli

Sisi wa Goma jiwe tunaijuwa. Mwenye amechimba fosi ya choo mu kartiye kwenye lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilipita anajuwa vile inakuwaga: fasi moja baramini (chuma ya kuvunjia mawe) inaruka tu mikononi, metre mbili pembeni mawe inabomoka yenyewe, kisha unapiga tena na unaangukia tundu wazi. Mashini ya kuchimba tuneli inakutana na mambo ile ile, paka yenyewe kurudi nyuma ni shida kabisa.

Kwa hiyo anza na sondaji, ni kusema kutoboa udongo ili uujuwe. Toa karoti za jiwe (vipande virefu vya mviringo) ku njia yote ya tuneli, pima vipande vyenye kupita santimetre 10, jumlisha, gawa na urefu wote wenye ulitoboa. Ukipata juu ya 90 kwa mia, jiwe imeshikana, chini ya 25 imevunjika-vunjika. Peleka zingine labo bazifinye mpaka zipasuke, bazalti (jiwe ya lava) nzima mara mingi inapita megapaskali 100 (kipimo cha nguvu ya kufinya). Ugumu peke yake usikudanganye: jiwe ngumu yenye nyufa kiasi inaweza kuchimbika mbio kuliko jiwe laini kidogo yenye haina ufa hata moja. Na kwarzi (madini ngumu yenye kukwaruza) ikiwa mingi, diski za kukatia jiwe ku kichwa ya mashini zinaisha haraka.

Pima maji pia, tafazali. Kule Hallandsås, Sweden, kazi ilianza 1992, mashini ya kwanza ikashindwa nyuma ya metre chache mu jiwe iliyooza, maji ikasumbua miaka na miaka, treni ikapita 2015.

Udongo wa kunata kama ule mwekundu wa Bukavu unaziba kichwa ya mashini, wewe unatia povu ndani ili udongo ulainike. Kama mbele ya mashini nusu ni jiwe na nusu ni udongo, punguza mzunguko wa kichwa, la sivyo diski zinagonga na kuvunjika.

Ikishaanza, mimi ningekaa ku mkanda wenye kutoa mawe, sababu pale njo ukweli unatokea. Vipande bapa, vipana: inakata muzuri. Vumbi tupu: nguvu ya kusukuma haitoshi ao diski zimechoka. Mawe makubwa ya pembe-pembe: mbele kunabomoka, punguza kusukuma na utayarishe kushikilia dari.

Mu lava kama yetu, toboa tundu ndogo mbele ya kichwa, metre 20 ao 30, kila mara. Ukikuta shimo, ijaze sima (saruji), ngoja ikauke, njo usogee.